Bi Sanifu na Meza ya Keko

Mwenzangu unayesomesha mtoto shule ya Kiingereza, sogea hapa kibarazani tukae wawili, maana hawa wengine hawatatuelewa. Watoto wao wakirudi shule wanavua sare, wanakula, wanatoka kucheza rede. Wa kwetu wanarudi na kazi ya nyumbani, ambayo mwalimu anajua, mtoto anajua, na mimi na wewe tunajua kuwa ni kazi ya mzazi. Ada umelipa, basi la shule umelipa, bado jioni unafanyishwa mtihani ambao hata ukifaulu cheti si chako.

Kwangu, Magomeni Mikumi, mtahini mkuu ni binti yangu Nuru, wa darasa la nne. Tunamwita Profesa. Akili anazo, lakini jina halikutokana na akili. Limetokana na tabia yake ya kuuliza swali huku ameshakunja uso kulikataa jibu. Mdogo wake, Tingatinga, ana miaka miwili. Kinachosimama mbele yake huanguka, na ukimwambia acha, anaongeza gia. Mama yao ni Mheshimiwa Spika, kwa kuwa ndiye anayetoa nafasi ya kuzungumza humu ndani na ndiye anayezima kipaza sauti. Kaka yake Spika, yaani shemeji yangu, anauza simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo, analala chumba cha uani kwa mkataba ambao mimi sikuwahi kuuona, na jina lake ni Dili. Dili hana vitenzi vingi. Ana kimoja: kuseti. Simu anaseti, king'amuzi anaseti, safari ya Morogoro anaseti, na aliyemzunguka kwenye biashara naye "kaniseti."

Juu ya wote hao yuko mama mkwe. Alitoka Unguja, kule Ng'ambo, akaja kutibiwa macho kwa wiki mbili. Macho yalipona zamani, sasa anaona hadi vumbi la juu ya kabati, na wiki mbili bado zinaendelea. Mimi namwita Bi Sanifu, kwa sauti ya chini na nikiwa chumba kingine. Kuna mtu aliwahi kumsimulia kwamba mwaka 1928 wakoloni walikutana Mombasa wakaamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya lahaja ya Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia jambo hilo kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Tangu asikie habari hiyo, lugha hii kwake ni kama nyumba ya urithi, na sisi wa bara ni wapangaji tunaochelewesha kodi na kupigilia misumari ukutani.

Basi Ijumaa moja Profesa akafungua daftari. Mwalimu kataka sentensi kumi za kitenzi "set", kila sentensi na maana yake, na pembeni neno jingine la Kiingereza linaloweza kukaa mahali pake. Nikacheka. Herufi tatu! Nikasema hii tunaimaliza kabla chai haijapoa.

Chai ilipoa, ndugu yangu. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, hakuna neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko hilo: maana zaidi ya 430, maelezo yenye maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima kimejificha ndani ya kitabu. Ilipofika mwaka 2011 ndipo mhariri wao mmoja, Peter Gilliver, akasema amemaliza kulichambua "run" na kulipatia maana 645, kazi iliyomchukua miezi tisa. Wengine kwa miezi tisa wanapata mtoto, yeye kapata kukimbia. Na mwalimu wa darasa la nne anazitaka zake kumi Jumatatu asubuhi.

Tulianza vizuri, nisiseme uongo. Profesa aliuliza "set" na "sit" zinatofautianaje, na hapo nilijiona baba kweli. Nikamwambia, mama, si unajua kulala na kulaza? Ukilala ni raha yako. Ukimlaza Tingatinga ni kazi. Waingereza nao tangu zamani walikuwa na mchezo huo huo: "sit" ni kukaa, "set" ni kukalisha, "lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. Sisi tunapindisha mkia wa neno, wao walipindisha irabu ya tumboni, halafu wakasahau kuwa walikuwa na utaratibu. Profesa akaandika bila kukunja uso, jambo la nadra. Alifurahi zaidi aliposikia kwamba neno lenyewe halibadiliki: leo "set", jana "set", limeshatendeka "set".

"Kwa hiyo, Baba, hata nikikosea wakati, mwalimu hawezi kujua?"

Unaona kwa nini tunamwita Profesa.

Matata yalianza kwenye yale maneno ya badala. Profesa alitaka aandike "put" kote, apumzike. Nikamwambia haiendi hivyo. Ukiseti kikombe mezani, sawa, "put" inakaa, na "place" inakaa kwa adabu zaidi. Tarehe ya harusi inataka "fix". Saa inataka "adjust". Ukianzisha shule unasema "set up", na kwa kiofisi "establish". Mtego ni "lay", na meza ya chakula pia ni "lay". Lakini mwambie Mwingereza "put the table", hatafikiria sahani hata moja. Atakuuliza unaipeleka wapi, akusaidie kubeba upande wa pili. Na ukimwambia unataka ku-"lay" saa yako, atakutazama tu. Maneno hayo yanaitwa visawe, lakini usawa wenyewe ni wa kutazamia mbali.

Bi Sanifu alikuwa kwenye mkeka wake na tasbihi, tukidhani anamtaja Mungu, kumbe anatusikiliza.

"Neno moja kwa mambo yote hayo?" akasema. "Maskini. Hawana mengine?"

Akaanza kuhesabu kwa punje za tasbihi. Mtego hutegwa. Saa hutegeshwa. Tanga hutwekwa. Mfupa uliovunjika huungwa. Kuku huatamishwa. Jeli huganda. Jua huchwa. Tarehe huwekwa. Meza huandikwa. Kila jambo na neno lake, mwanangu, na hakuna linalogombana na mwenzie.

Ndugu msomaji, hapo pamepita kitu. Na mimi kilinipita, kwa sababu Dili aliingia wakati huo huo na mfuko wa chipsi, akadakia: "Mama, hayo yote sisi tunaseti tu, maisha yanaendelea."

"Hiyo si lugha, huo ni uvivu."

"Hata Kariakoo ni Kiingereza, Mama. Vita ya kwanza Waingereza waliweka pale kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Wazee wetu wakaisawazisha, ikawa Kariakoo. Sasa mbona unaenda kununua vitenge?"

"Ndiyo maana hapapitiki," akasema Bi Sanifu, akarudi kwenye tasbihi.

Nikawa nawaza tu, kimoyomoyo, kwamba Magomeni hii hii aliwahi kuishi Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru, nyumba yake leo ni makumbusho, na baadaye alimtafsiri Shakespeare: Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi. Watu wanastaajabia alipata wapi muda. Mimi nastaajabia alipata wapi ukimya.

Usiku huo huo Bi Sanifu akaomba aamshwe saa kumi na moja alfajiri, asipitwe na sala. Profesa, kitenzi kipya kikimwasha kinywani, akaruka: "Bibi, nakusetia mimi!" Akachukua simu ya bibi yake, akaandika kumi na moja kama alivyoambiwa, na zile herufi ndogo za pembeni za kutofautisha mchana na usiku hakuzigusa. Mtoto wa Kiingereza, mpe haki yake. Kwake saa huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kwa bibi yake saa za usiku huanza kuhesabiwa jua likichwa, kwa hiyo kumi na moja ya bibi kwenye simu ni tano. Simu ikalia saa tano za usiku.

Bi Sanifu akatawadha, akaswali, akaanza kuamsha nyumba, maana hapendi kumwona mtu mzima kitandani baada ya alfajiri. Spika akawasha jiko. Mimi nilikoga, maji ya baridi, nikavaa shati, nikapiga kiatu kimoja brashi. Kilichonishtua ni ukimya wa msikitini, na jirani ambaye alikuwa bado anaangalia mpira. Nilichungulia Barabara ya Morogoro. Mwendokasi zilikuwa zinarudisha watu majumbani, na mimi ndiye pekee niliyekuwa naelekea kazini.

Tulirudi kulala tukinong'onezana lawama. Lawama ilizunguka vyumba vyote, ikaja kulala kwangu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili ndiyo siku yenyewe.

Spika yumo kwenye kikoba, akina mama wa mtaa, wenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo za watu watatu, na wana katiba kali kuliko ya nchi. Wanakutana kwa zamu majumbani, na zamu ilikuwa yetu. Kwa ajili ya siku hiyo Spika alikuwa amenunua meza. Sisemi meza tu. Meza ya mninga kutoka kwa mafundi wa Keko, ya watu wanane, vanishi inang'aa hadi ukiinama unaona meno yako. Ililipwa kidogo kidogo kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi alishaanza kutuita ndugu. Ilipofika nyumbani ilikatazwa kuguswa. Tulikula sakafuni tukiitazama.

Asubuhi Spika akaenda saluni Mwembechai. Saa nne akatuma ujumbe: "Nachelewa, naseti." Bi Sanifu akauliza anaseti nini tena. Nikamwambia nywele, Mama. Wanazizungushia rola, halafu anakaa chini ya kile chombo cha joto. Bi Sanifu akasema enzi zao nywele zilisukwa na zikatulia, hazikuhitaji kuwekwa kwenye tanuri. Akashika jiko. Pilau ikaanza kunukia hadi kwa jirani wa tatu. Mimi nikatumwa soda na barafu. Nasisitiza: nilitumwa. Sikuwepo. Hilo naomba libaki kwenye kumbukumbu, ingawa limeshakataliwa na mamlaka zote za nyumba hii.

Huku nyuma Dili alikuwa amerudi kutoka Kariakoo na ile gundi ya panya, unayoijua, inayotangazwa na spika za kurekodiwa kutwa nzima: panya, mende, kunguni. Ni karatasi ngumu imepakwa kitu kinachoweza kushika hata neno la mtu. Kulikuwa na panya mmoja aliyekuwa akipita kizingitini kama mwenye mkataba. Dili akaiweka kizingitini hapo hapo, akaifunika kidogo na kile kizulia cha kupangia viatu ili panya asishtuke, akasema, "Mama, nimeseti," kisha akaenda kulala.

Bi Sanifu alikuwa na pilau ya kupakua. Akamwita mjukuu.

"Nuru, mwanangu, wageni wanakaribia. Kaandike meza."

Sasa weka moyo, twende pole pole. Mwanamke huyu hakukosea. Kuandika kwa maana ya kupanga vyombo tayari kwa chakula ni Kiswahili cha pwani cha tangu na tangu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inayo. Mtoto naye hakukosea. Mtoto anajua kuandika ni nini, na ndiyo kazi pekee anayoifanya kutwa nzima kwa ada yangu. Alichofanya ni kuuliza, kama anavyofundishwa shule kuuliza maelekezo yasipoeleweka.

"Niandike nini, Bibi?"

"Andika sahani nane, bilauri nane, vijiko, na bakuli la achari katikati."

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa ziwe za wageni."

Profesa akatafuta kalamu itakayoonekana kwenye mninga. Akaipata kwa mjomba wake: ile maka peni nyeusi ya kuandikia bei kwenye maboksi ya simu, wino ambao mvua ya masika haiuwezi.

Nilipoingia na barafu mkononi, nilimkuta amepiga magoti juu ya kiti, ulimi nje, anamalizia. Alikuwa amechora na pambizo. Juu kulia tarehe. Katikati kichwa cha habari, MEZA, kimepigiwa mistari miwili kwa rula. Chini yake, kwa mwandiko ambao mwalimu wake angeusifu: "Sahani 8 (KUBWA ZA WAGENI). Bilauri 8. Vijiko." Na katikati kabisa ya meza, kama alivyoagizwa, "Bakuli la achari." Upande wa pili Tingatinga alikuwa amepewa kifuniko cha kalamu atulie, na hakutulia, alikuwa ameikalia "Vijiko" kabla haijakauka, na akawa amevihamishia kwenye kochi.

"Baba," akasema Profesa, "bilauri ni nini?"

Bi Sanifu akatoka jikoni na sinia la pilau. Akasimama. Akasoma, kwa macho yale yale tuliyoyagharamia. Akasema, "Yarabi," kisha kimya, kisha akanigeukia mimi. "Baba Nuru, huko shule mnakompeleka, Kiswahili hakifundishwi?"

Dili akaamshwa. Akaja na ile dawa ya kusafishia vioo vya simu, akasema hii inatoa chochote. Ni kweli inatoa chochote. Ilitoa vanishi yote ya Keko kwa upana wa sinia, na herufi zikabaki pale pale kwenye mbao tupu, zimefifia kidogo, mithili ya maandishi ya mambo ya kale. Kilichosalia kinasomeka "ahani 8 (KUBWA ZA WAGE". Nikamwomba aache. Akasema tatizo hakuiseti vizuri ile dawa.

Spika aliingia dakika hiyo, nywele zimetulia, hakuna unywele unaojua mwenzake anafanya nini. Sitayasimulia yaliyofuata kwa urefu. Alikuwa na uwezo wa kumlaumu mama yake, au kaka yake, au binti yake. Akazunguka chumba kwa macho akiwatazama mmoja mmoja, akakuta wote ni damu yake. Akasimama kwangu.

"Na wewe, Baba Nuru, ulikuwa wapi?"

Tulitupia kitambaa. Wageni hodi. Akina mama wakaingia kwa salamu na manukato, shikamoo kwa Bi Sanifu, wakavua viatu kizingitini kwa adabu zao. Mwenyekiti wa kikoba, mama mzito wa mwili na wa maneno, alivaa ndala za shanga alizoletewa kutoka Oman na mwanawe, na hakutaka zichanganyike na za watu. Akazisogeza pembeni peke yake, chini ya kile kizulia.

Walikula. Walisifu pilau. Mweka hazina aliinua ukingo wa kitambaa afute mkono, akasoma, akakirudisha polepole bila kusema kitu, na tangu siku hiyo nikikutana naye ananisalimia kwa huruma. Kikao kilipofungwa, mwenyekiti akaenda kuvaa. Ndala ya kulia ikaja pamoja na karatasi, na karatasi ikaja na kizulia, na kizulia kilikuwa kimeshashika ndala ya katibu. Akina mama wakashikana mikono kuvuta. Dili aliletwa. Alivuta upande mmoja, mwenyekiti upande mwingine, na kati yao shanga za Oman zikaanza kudondoka moja moja sakafuni, Tingatinga akiziokota na kuzipeleka mdomoni. Panya sikumwona, nadhani alikuwa mahali anatazama.

Tuliletewa mafuta ya taa, yakasaidia. Lakini akina mama wawili walichelewa kwenye kikao kingine cha kikoba, Mwembechai, na katiba ya kikoba haina huruma: kuchelewa ni faini, na kama mwenyeji ndiye aliyewachelewesha, analipa mwenyeji. Shilingi elfu tano kwa kila kichwa. Spika alipokea hukumu kwa utulivu, akasema mume wangu atatoa. Katibu akafungua daftari la faini. Kalamu yake ilikuwa imekwisha. Profesa akampa ya kwake, ile nyeusi, na jina langu likaandikwa kwa wino uliopenya kurasa tatu, likafunika marejesho ya mikopo ya watu.

Usiku, katikati ya kuhamisha shanga kutoka kwenye poti ya Tingatinga, nikakumbuka kazi ya nyumbani. Zilikuwa zimefika sentensi tisa. Nikamwambia Profesa leta ya kumi tulale. Akasema kaimaliza zamani, alikuwa chini ya meza wakati akina mama wanavutana. Nikasoma. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: mjomba wangu alitega mtego, ukamnasa mwenyekiti. Pale penye neno la badala aliandika "laid", ambalo ni sahihi kabisa, huwezi kumkata.

Chini ya ukurasa shule imeacha nafasi ya saini ya mzazi. Spika alilisukuma daftari upande wangu bila kunitazama, akaendelea kufunga nywele zake na mtandio zisiharibike.